Hotuba ya Kiti cha Kando

Shangazi Breki alikuwa na mdomo, na hilo halikuwa na ubishi. Miaka ishirini na mbili alikuwa akifundisha udereva, amekaa kiti cha kando ya dereva, na miaka yote hiyo mdomo wake haukupata likizo. Alifundisha, alikaripia, alibembeleza, alitoa ushauri wa ndoa kwa watu ambao hawakuuomba, huku macho yake yako barabarani na mguu wake uko juu ya ile breki ya pili ambayo magari ya kufundishia huwekewa ili kuokoa roho za watu. Jina lenyewe alipewa na wanafunzi. Walidai mguu ule ulikuwa mwepesi mno, kwamba mtu akipiga chafya tu gari limeshasimama. Lakini wanafunzi nao wana maneno, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugonga kitu akiwa naye.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yake, ambaye alikuwa muuguzi na nyumbani walimwita Nesi tangu hajajua kufunga bendeji, alipokuja kumwomba awe msemaji wa familia siku ya harusi yake, Shangazi Breki alikubali kabla binti hajafika mwisho wa sentensi. Kusema tu? Kusema si ndiyo kazi yake? Akamkumbatia, akamwambia akashughulikie gauni, mengine amwachie yeye. Kicheko kilipungua baadaye kidogo, Nesi alipoweka kikombe chini na kueleza kwa nini hataki baba yake ashike maiki.

Baba yake Nesi, yaani kaka mkubwa wa Shangazi Breki, ukoo mzima ulimwita Redio, kwa sababu ukishamwasha hazimiki. Hakukuwa na shughuli ya familia ambayo hakuhutubia, na kipaji alikuwa nacho, tusimnyime haki yake. Tatizo lilikuwa hadithi moja. Miaka minne nyuma Nesi alichumbiwa na mtu mwingine, na zikiwa zimebaki wiki tatu tu, kadi mia tatu za mwaliko zimeshasambazwa, akavunja uchumba. Redio ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuzikusanya kadi zile, amevaa suti, jua la utosi, akiomba radhi. Aibu ile ilimkaa kooni, akaitoa kwa njia pekee aliyoijua: akaigeuza kichekesho. Jirani mmoja aligoma kurudisha kadi kwa kuwa keshanunua viatu. Mzee mwingine alitokea siku ile ile ya harusi isiyokuwepo, zawadi kwapani, akaomba angalau apewe soda. Redio alisimulia kila palipokusanyika watu zaidi ya wanne, akiigiza sauti zote, na watu walivunjika mbavu. Nesi naye alicheka, kwa meno tu.

"Shangazi, akishika maiki atasimulia kadi," Nesi alisema. "Mwenzangu anajua yote. Lakini mama yake hajui, wajomba zake hawajui. Sitaki wanijue kwa hadithi ile."

Shangazi Breki akamwahidi kwamba siku hiyo hakuna atakayesikia neno kadi. Redio alipoarifiwa hakugomba. Alinuna siku mbili, kisha akasema sawa, mdogo wake asimame, lakini shughuli haiwezi kukaa bila msemaji, na ikitokea amekwama, kaka yake atakuwa karibu. Akaandika hotuba ya akiba, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, kama mtu anayebeba mwavuli kwa kuwa anajua mvua itanyesha. Kwa hiyo mambo yalikaa hivi: mdomo wa Shangazi Breki ukifunga, wa Redio utafunguka.

Jumatatu jioni akafanya zoezi la kwanza sebuleni. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole asiyependa makelele, aliwekwa kwenye kiti kuwa wageni mia mbili na hamsini. Shangazi Breki akasimama mbele ya televisheni iliyozimwa, mwiko mkononi badala ya maiki, akakohoa, akafungua mdomo. Kimya. Akafunga, akafungua tena. Mumewe akamtazama kwa upendo wote alionao, na kadiri alivyomtazama ndivyo maneno yalivyozidi kukimbia. Hatimaye akasema "mabibi na mabwana" mara tatu mfululizo, akakaa. Mumewe akapiga makofi. Akaambiwa aache.

Jumanne asubuhi mwanafunzi wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa miaka sitini na nane, aliyeamua kujifunza gari kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, amechoka kupakiwa kama gunia. Aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Shangazi Breki, kwa kuchoka kungoja wafike popote, akaanza kunung'unika hotuba yake chini chini, na hapo ndipo ajabu ilipotokea. Maneno yakaja. Yakaja na wenzao. Walipofika kituo cha mafuta alikuwa amemaliza utoto wa Nesi, siku alipomfunga paka bendeji akaanguka naye ngazi nzima. Kwenye taa za barabarani akaingia ujana. Walipokuwa wanarudi shule ya udereva alikuwa anamkaribisha bwana harusi katika ukoo, kijana fundi wa lifti, mtu wa maneno machache, ambaye ukimuuliza hali anajibu kwa kutikisa kichwa. Mzee alicheka mpaka akasahau kubadili gia. Akampa saba juu ya kumi. Tatu alizipunguza kwa urefu.

Basi gari likageuka ukumbi. Wiki ile nzima, aliyekuja kujifunza kuegesha alifundishwa kuegesha na hotuba juu yake. Mshonaji mmoja wa nguo za shule, mwanamke mwenye machozi ya karibu, alilia kwenye sehemu ya paka, akalia zaidi kwenye sehemu ya lifti, ambayo haikuwa ya kuliza, akapita taa nyekundu huku anajifuta kwa mkono aliopaswa kushikia usukani. Mguu wa mwalimu wake ulifanya kazi yake. Mguu ule ulikuwa na tabia mbaya pia: kila Shangazi Breki aliposema "mwanangu" kwa uchungu, ulikanyaga wenyewe, gari likasimama katikati ya barabara, na waliokuwa nyuma wakapiga honi za matusi. Kufikia Alhamisi, wanafunzi wake walijua habari za Nesi kuliko kanuni za kupishana, na hotuba ilikuwa imeiva. Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Akasimama mbele ya televisheni, akachukua mwiko, akafungua mdomo. Kimya kile kile.

Sasa alishikwa na woga wa kweli. Alijaribu kioo cha kabati, nacho kikamtazama vibaya. Mumewe, katika kutafuta msaada, akampeleka kwenye karakana yake, akampangia majokofu manne mabovu mstari mmoja, akasema haya hayana macho. Na kweli, mbele ya majokofu alianza vizuri. Alifika kwenye paka. Mumewe, aliyejibanza nyuma ya majokofu, akaona hapa pana mafanikio, akapenyeza mkono akafungua mlango wa jokofu la pili ili asikie vizuri, taa ya ndani ikawaka, na Shangazi Breki akakauka kama aliyeitwa jina na polisi. Wakacheka wote wawili mpaka wakakaa chini, kwa maana jambo likishafikia mtu kuogopa jokofu, utafanyaje? Lakini kicheko chake kiliisha kabla ya cha mumewe.

Ijumaa akamweleza mstaafu. Mzee hakujibu mpaka aliposimamisha gari, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kufanya mawili kwa pamoja.

"Mwalimu, wewe hujawahi kusema na mtu anayekutazama," alisema. "Humu ndani nikikugeukia kidogo tu unanifokea niangalie barabara. Miaka yote hiyo umesema na masikio ya watu. Macho yao huyajui."

Akasema kweli, lakini kweli haikumsaidia mtu. Harusi ilikuwa kesho. Shangazi Breki akaandika hotuba yote kwa herufi kubwa kwenye karatasi, akajiambia atasoma tu, atazame karatasi, amalize, akae.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, na meza ya maharusi imewekwa juu ya jukwaa, kiti cha bibi harusi na cha bwana harusi ubavu kwa ubavu, vyote vinatazama watu. Mshereheshaji alikuwa kijana mwenye koti linalometameta na meno ya kutosha. Alipotangaza kwamba sasa ni zamu ya msemaji wa upande wa bibi harusi, na kwamba amesikia huyu mama ni hatari, Shangazi Breki alipanda na karatasi yake, akapewa maiki, akageuka. Mia mbili na hamsini. Wote wamegeuza nyuso. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu, na hilo lilikuwa baya kuliko yote.

"Mabibi na mabwana," alisema.

Akatazama karatasi. Zile herufi kubwa zilikuwa zinaruka kama zimemwagiwa maji ya moto. Akasikia sauti yake mwenyewe, kubwa, kwenye spika nne, ikiwaambia wageni wafunge mikanda. Watu wakacheka, wakadhani ndiyo mwanzo. Wakangoja. Akangoja pamoja nao. Mshonaji, ambaye alialikwa kwa kuwa alishaijua hotuba karibu yote, alimpa moyo kwa midomo akiwa meza ya nyuma, paka, paka, lakini nani angesoma midomo kutoka mbali vile. Kimya kikaanza kunenepa. Na pale meza ya mbele Shangazi Breki akaona anachokiogopa: kaka yake anafunga kifungo cha koti, anaingiza mkono mfuko wa ndani, anasimama.

Nesi naye aliona. Alishika ukingo wa meza.

Ni mkono ule uliomwamsha. Shangazi Breki aliijua mikono, ameitazama kwenye usukani miaka ishirini na mbili, na ule ulikuwa mkono wa mtu anayeona gari linamjia. Akamwinamia bwana harusi, akamwomba asogee kidogo, baba, nipishe. Fundi wa lifti akatikisa kichwa, akampisha, akaenda kusimama nyuma. Shangazi Breki akakaa kwenye kiti cha bwana harusi, kando ya Nesi, akaweka karatasi chini, akatafuta kitu cha kutazama. Mwisho wa ukumbi, mbali, juu ya vichwa vyote, kulikuwa na mlango mkubwa wa kutokea. Akaukazia macho.

Nesi akamgeukia.

"Angalia mbele, mwanangu," Shangazi Breki alisema. "Usinitazame mimi."

Na ikaja. Kama ilivyokuja barabarani, na nyama zaidi. Paka akafungwa bendeji, akaanguka, ukumbi ukaanguka naye. Lifti ikapanda na kushuka. Akaeleza Nesi alivyojifunza gari, alivyokaa mwezi mzima kwenye gia ya kwanza kwa kuwaonea huruma wapita njia, na akafananisha ndoa na gari, maana hakuna mwalimu wa udereva aliyezaliwa ambaye angeweza kujizuia hapo. Watu walikuwa wanapiga meza. Mshereheshaji aliacha kazi yake akakaa chini kusikiliza. Redio alikuwa amefika katikati ya ukumbi, amesimama na hotuba yake mkononi, hajui aende mbele au arudi. Shangazi Breki hakumwona. Hakuwa akiona mtu. Alikuwa ndani ya gari, na mtoto aliyempenda yuko kwenye usukani, na alisahau kabisa kwamba ameshika maiki.

"Unaikumbuka siku ya kugeuza?" alisema, sauti imeshuka. "Kile kichochoro cha nyuma ya ghala la mbao. Ulikuja kwa somo, zimebaki wiki tatu uolewe na yule mwingine."

Spika nne ziliyatoa neno kwa neno. Waliokuwa wanatafuna waliacha. Mumewe, meza ya tatu, alifumba macho. Mama wa bwana harusi akaweka glasi yake mezani taratibu. Nesi alikuwa anaangalia mbele kama alivyoambiwa, na uso wake haukuwa na rangi. Shangazi Breki aliendelea.

"Gari limekaa mshazari katikati ya njia. Huku lori, kule pikipiki, kila mtu anapiga honi, wengine wanatukana. Ukaniambia, Shangazi, simtaki yule mtu, namwogopa. Mimi nikakwambia, vioo kwanza. Sikuwa na neno lingine, nisamehe. Ukalia, mwanangu. Ulilia mpaka kola ikalowa. Lakini ukatazama kioo cha kushoto, ukatazama cha kulia, ukarudi nyuma taratibu, ukaenda mbele, ukarudi tena, gari likageuka. Hukumgusa mtu. Nimefundisha wengi. Wengi wakipigiwa honi wanaenda mbele tu, hata kama mbele ni ukuta. Wewe uligeuza. Siku ile mguu wangu ulikuwa juu ya breki muda wote, na sikuikanyaga hata mara moja."

Akanyamaza, ametosheka. Kisha akaona kimya. Akakitazama kile kitu mkononi mwake, akatazama ukumbi. Aliahidi hakuna atakayesikia, na sasa amesikia hadi mpishi. Alitaka kusema kitu cha kufuta, lakini maji yalikwisha mwagika, na nyuso zile zote zilikuwa zinamtazama tena, na mdomo ukafunga.

Aliyesema alikuwa mama wa bwana harusi. Hakuwa na maiki wala hakuihitaji.

"Na sisi tunashukuru aligeuza," alisema. "Angeenda mbele, asingefika kwetu."

Ukumbi ulilipuka. Vifijo, vigelegele, vijiko kwenye glasi, mshonaji analia waziwazi na kumkumbatia mtu asiyemjua. Fundi wa lifti, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alipiga mluzi wa vidole viwili uliowatisha watoto. Nesi alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, amemng'ang'ania shangazi yake shingoni, poda yote imehamia kwenye bega la huyo shangazi, na Shangazi Breki alikuwa anamwomba msamaha na Nesi anamwambia nyamaza, Shangazi, nyamaza tu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu kumwambia neno hilo akafurahi.

Katikati ya makelele yale Redio akapanda jukwaani. Alikuja mpaka mbele ya dada yake, akainama sikioni pake.

"Alilia?"

"Tulizunguka saa nzima uso ukauke, ndipo nikamleta nyumbani."

Redio akasema yeye alimwona binti akiingia na uso mkavu. Alimwambia baba, nimebadili mawazo, akapita chumbani, na yeye akadhani ni jambo jepesi kwake. Alidhani aliyeumia ni yeye peke yake na kadi zake. Neno lile la kumwogopa mchumba hakuliuliza tena. Alikuwa amelisikia.

Shangazi Breki akainuka, akampisha kiti. Redio akakaa kando ya binti yake, wote wawili wanatazama watu, na mshereheshaji, aliyezijua desturi za familia ile kwa kuelezwa mapema, akamkabidhi maiki. Ukoo wote ukajua kilichobaki. Mjomba mmoja akalegeza mkanda wa suruali. Wanawake wawili wakaenda chooni mapema ili wasikose mwisho. Redio akaweka karatasi yake magotini, bado imekunjwa, akasogeza maiki mdomoni, akavuta pumzi.

"Mwanangu," alisema.

Akangoja lingine lije. Halikuja. Akafungua mdomo, akaufunga, na spika nne zikatoa pumzi zake tu, moja baada ya nyingine, huku ukumbi mzima ukimtazama mtu ambaye hajawahi kukosa neno maishani mwake. Nesi hakumgeukia. Aliendelea kuangalia mbele, akanyoosha mkono, akamshika mkono wake wenye maiki, akaushusha taratibu mpaka mezani.

"Nimekusikia, baba," alisema.